Kidani cha Mwana Kupona

Asalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokubali kuacha mpira mje hapa.

Nimetakiwa nizungumzie imani na mapenzi ya mtu aliyetangulia, na yanavyowafinyanga waliobaki. Mifano ni tele. Mimi nitashika mmoja tu, tena wa kwetu: Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, aliyemtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa mawaidha.

Mwaka ni 1858. Mwenyewe aliutaja kwa hesabu ya Hijra, 1275. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyemsumbua sana Sayyid Said wa Unguja, ameshafariki. Mama naye hajiwezi, maradhi yamemshika mwaka mzima. Binti bado hajaolewa, na mama hana hakika kama ataiona arusi yake. Basi akamwita:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Tusimame hapa kidogo, maana wengi wetu beti hii tunaipita mbio, tukikimbilia yale mawaidha juu ya mume. Wino uko kwa nani? Si kwa mama. Anayeambiwa aje mbele, aketi, ashike karatasi, ni mtoto. Na neno la kwanza anaelekezwa: anza kwa Bismillahi, kisha umtaje Mtume na masahaba zake. Kwa hiyo Mwana Hashima hakuachiwa waraka uliokwisha kufungwa. Katika utenzi wenyewe anaandikishwa, mama akisema, yeye akifuatisha. Jambo uliloliandika kwa mkono wako, beti mia na mbili za mizani nane nane, na anayekusomea unamsikia pumzi zinamkata, litakutokaje?

Halafu anamwambia: nitakutungia kidani cha lulu na marijani, nikuvike shingoni. Mama yeyote wa Pate wa wakati ule angependa kumvika bintiye dhahabu siku ya arusi. Huyu anamvika maneno. Na katika maneno hayo, la kwanza ni ashike dini, asiache faradhi, na sunna akiweza. La pili ni adabu na ulimi mwema, ili kila aingiapo awe mtu wa kupendwa. Mume bado hajatajwa.

Lakini kilicho kizito zaidi kwangu ni radhi. Nyinyi mnaijua radhi. Mnajua jinsi mtu anavyosafiri usiku kucha kutoka Mombasa hadi Lamu awahi kumshika mzazi mkono, na akichelewa anavyolibeba jambo hilo miaka. Mwana Kupona hakungoja saa ya mwisho. Anamwambia bintiye mapema: twaa mawaidha haya pamoja na radhi yangu. Anaitoa akiwa bado na akili zake na ulimi wake. Tena anamweleza yaliyompata yeye: aliishi na baba wa binti huyo bila kuteta, na mauti yalipomjia Bwana Mataka, alimkariria mkewe radhi. Mama aliipokea kwa mtu anayekufa, na sasa yeye mwenyewe, akiwa mgonjwa, anampa mtoto.

Sasa yale ya mume. Ndiyo, yamo, na ni mengi. Binti anaambiwa radhi ni tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume, na hiyo ya tano inasisitizwa sana. Wapo wahakiki wanaosikia kejeli humo ndani. Wengine wanamsoma kama alivyosema. Mimi siioni kejeli. Namwona mjane mgonjwa anayeujua mji wake, anayemtafutia bintiye namna ya kuishi salama humo. Na lipo jambo gumu kuliko hilo: anamkataza asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Beti hiyo siitetei. Lakini nasi tulioachiwa na bibi zetu hatukuachiwa dua peke yake. Tumeachiwa na dharau zao, na mara nyingi zimo katika sauti ileile iliyotubembeleza.

Sehemu ya mwisho ni dua ndefu. Anajiombea, anawaombea watoto, jamaa na Waislamu wote. Kisha anawaita wanawake wote wausome utenzi huu. Alichomkusudia bintiye mmoja amekitoa nje ya nyumba, na yapata 1860 akafariki. Leo, miaka zaidi ya mia na hamsini baadaye, wapo wasioijua Siyu iko kisiwa gani, na beti hizi wanazo kichwani.

Nilikuwa na la kusema juu ya sauti za wazee wetu tunazozirekodi kwenye simu, ila namwona mama pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja watumwa. Mpeni kipaza sauti, tafadhali.