Dagaa wa Mwaloni na sangara wa majokofu ya Ulaya

Mwangaluka, ndugu zangu wa Kirumba, Igoma, Buhongwa, Sengerema mpaka Ukerewe. Leo ni dagaa wa Mwaloni, soko letu la samaki pale Kirumba, Mwanza, na ndani ya dagaa kuna siasa.

Tuanze na jirani yake wa majini. Huku Ujerumani sangara wa ziwa letu yuko kwenye majokofu ya maduka, wanamwita Viktoriabarsch. Mifupa imetolewa, ngozi imetolewa, amegandishwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Sheria inataka mnunuzi aambiwe jina lake la kisayansi, Lates niloticus, kama amevuliwa au amefugwa, na katoka maji gani. Usafi huo haukuja wenyewe. Kati ya 1997 na 1999 Ulaya ilimfungia mlango samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja: salmonela, hofu ya kipindupindu, kisha uvuvi wa sumu. Ndipo viwanda vikajirekebisha, barafu ikapewa umuhimu, mialo, yaani kule samaki wanakoshushwa, ikatengenezwa, na Nyegezi leo kuna maabara ya samaki. Mnunuzi alikataa, mambo yakanyooka.

Sasa dagaa, kitoweo cha mwenyeji. Anavuliwa kwa taa usiku wa giza, maana mbalamwezi ikiwaka taa haimvuti tena. Asubuhi anamwagwa mchangani, mbuzi wanapita, kuku wanapita, na huyo ndiye anayeliwa na mtoto wa Mwanza. Hapo mimi sikubali.

Sogea karibu na kamera uone. Hawa wa mkono wa kushoto ni wa chanja, walioanikwa juu ya wavu ulioinuliwa: wanang'aa kama fedha mpaka tumboni, na ukimvunja mmoja anakatika, ka! Hawa wa kulia walianikwa chini wakanyeshewa: wana wekundu wa kutu, na ukimkunja anapinda tu. Rangi hiyo ni mafuta yake yaliyochacha, na ndiyo ule uchungu unaobaki kooni. Hakuna ndimu ya kuuondoa. Ukiwa sokoni usidanganywe na wa juu ya gunia. Ingiza mkono mpaka chini, toa konzi moja, sugua viganjani. Mchanga utausikia.

Chanja si kitu cha kuagiza nje. Ni nguzo za miti usawa wa kiuno, juu unakaza wavu wa matundu madogo. Dagaa watandazwe safu moja, wasilaliane. Hewa ikipita chini na juu, na jua likiwa zuri, wanakauka siku hiyohiyo. Wengi wanaharibu pale mawingu yanapotanda: wanawakusanya lundo moja na kulifunika turubai. Dagaa wabichi wakirundikwa wanapata joto, na wanaanza kuoza kabla mvua haijakatika. Turubai lifungwe kwa juu kama paa, dagaa wabaki wametandazwa palepale, upepo uendelee kupita.

Kwa nini basi mchanga haujaachwa? Mchanga ni bure, chanja ni hela ya mbao na wavu. Na ukiuza kwa kilo, gunia lenye mchanga linapima zaidi, kwa hiyo mzembe anamzidi msafi. Mchuuzi naye akiwachanganya wote gunia moja, jasho la mwenye chanja limepotea. Dawa yake ni kuwatenganisha sokoni na kila kundi kuwa na bei yake. Diwani akija mtaani kwako, muulize ushuru wa mwalo umerudi vipi mwaloni: chanja ngapi, maji yako wapi, vyoo vingapi. Msimame hapohapo mpaka ajibu kwa namba. Mama anayenunua sado moja, lile kopo la kupimia, pale Kirumba anastahili uangalizi uleule anaopewa Mjerumani.

Twende jikoni. Vikombe 2 vya dagaa wakavu, watu 4. Toa vichwa kama hupendi uchungu. Mwaga maji mengi ya uvuguvugu, koroga kwa mkono, kisha wainue dagaa uwahamishie beseni lingine. Usiinamishe beseni kumwaga maji, mchanga uliotulia chini utawarudia. Wa chanja mara 2 zinatosha, wa mchangani rudia mpaka chini ya beseni pawe safi. Waloweke maji ya moto dakika 3, chuja, waache wajikaushe. Wakiingia na maji, mafuta yanaruka na wao wanakuwa laini. Kaanga kwa vijiko 4 vya mafuta mpaka wasikike wakigonga sufuria unapowageuza, halafu watoe.

Kwenye mafuta hayohayo weka kitunguu 1, nyanya 3, chumvi. Karanga za kusaga, vijiko 3, zikoroge kwanza na kikombe cha maji ya baridi, kwa sababu ya moto yanaleta mabonge. Moto mdogo, koroga dakika 10, mafuta yakielea rudisha dagaa, dakika 3 nyingine. Ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa, hapo, hakuna la kuongeza.

Na nyie mnaomfungia mtu mzigo wa kuja Ulaya: msafiri anaruhusiwa kuingia Umoja wa Ulaya na samaki kwa matumizi yake hadi kilo 20. Nyama na maziwa vibaki nyumbani, hata kipande. Dagaa wakaangwe bila mafuta, moto mdogo, dakika 10, kuua wadudu, kisha wapoe kabisa. Ukiwafunga wangali vuguvugu, mvuke unageuka maji ndani ya mfuko na ukungu unaota njiani. Tumia mifuko miwili, kamua hewa, funga.

Mlioko Mwaloni leo, niandikieni hapa chini sado ya dagaa wa chanja ni shilingi ngapi, na ya wa mchangani ni ngapi.