Mmea Unaotaka Udongo Mtupu

Ndugu zangu, asanteni kwa kuitikia. Leo tuna Verbascum thapsus, ule mmea wenye majani ya sufu ambao hapa Uingereza mnauona kando ya reli na kwenye viwanja vilivyobomolewa nyumba. Najua wapo humu ndani walioung'oa wakidhani ni gugu. Sasa, angalieni unakoota: jua kali, changarawe, udongo usio na kitu. Bustanini nako unataka hivyo hivyo.

Mbegu zake ni ndogo kuliko za mchicha, na hazioti bila mwanga. Kwa hiyo msizifukie. Parua udongo kwa reki, zinyunyize, zikandamize kwa kiganja, basi. Mbolea acheni stoo.

Mwaka wa kwanza mtapata majani tu, yamelala chini kwa duara. Mnaotaka kuhamisha miche, hamisheni ingali midogo, maana mzizi mkuu huzama sana. Mwaka wa pili ndipo shina linapopanda, hata kufikia mita 2, na maua ya njano. Kila ua hufunguka kabla ya jua kuchomoza na mchana linajifunga. Nyuki asipotokea, hujichavusha lenyewe. Mmea ukishazaa, unakufa.

Lakini mimi sipandi kwa ajili ya maua, napanda kwa ajili ya nyuki aitwaye Anthidium manicatum. Jike hutua juu ya jani na kulinyoa vinyweleo kwa taya zake, anaenda akivikusanya chini ya tumbo mpaka vinakuwa donge, kisha anaruka nalo kwenda kutandika kiota. Ukichungulia utaona njia aliyoipitia, kijani kitupu. Dume naye kazi yake ni ugomvi: analinda eneo na kufukuza hata nyuki wakubwa kuliko yeye.

Kuna viwavi weupe wenye madoa ya njano na meusi. Waokoteni kwa mkono, au waacheni. Mara nyingi mmea hupona.

Mmea mmoja mkubwa unaweza kutoa mbegu zaidi ya laki moja, na nyingi huanguka hapo hapo. Hukaa ardhini zikisubiri. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William James Beal alizika chupa za mbegu huko Michigan, Marekani, aone zitaishi muda gani. Ilipofukuliwa moja mwaka 2021, zilizoota karibu zote zilikuwa za jamaa yake, Verbascum blattaria. Kwa hiyo ukiutaka tena, chokoa udongo. Usipoutaka, kata shina kabla vibumba vya mbegu havijakauka.

Ombi moja kwenu mnaosafiri: msitie mbegu hizi kwenye begi la kwenda nyumbani Afrika Mashariki. Hawaii na Réunion mmea huu umepanda milimani na kuwa gugu sugu, na nyanda zetu za juu nazo zina baridi na jua la namna hiyo. Haya, maswali.