Jiko la karavani limeanzia Kariakoo

Mambo vipi jamani, na wakubwa wote shikamooni. Leo siko Leicester. Niko Tabata kwa shangazi, feni inazunguka na bado jasho linanitoka, na huu hapa mkekani ndio mzigo wangu wote wa Kariakoo. Mdogo wangu, shusha kamera waone vizuri. Wengi mmeniuliza, mtu anaishi Uingereza, anapanda ndege mpaka Dar kununua sufuria? Ndiyo, na siyo za nyumbani. Ni za karavani, kile kinyumba cha magurudumu tunachokivuta nyuma ya gari watoto wakifunga shule. Kina vitanda, choo, meza, na jiko dogo ambalo ukisimama kati yake, friji unaigusa kwa kiuno na sinki kwa mkono.

Tuanze na kilo, maana kwenye karavani hata kijiko kina uzito wake. Kila karavani ina uzito iliotoka nao kiwandani, halafu ina uzito wa mwisho unaoruhusiwa barabarani. Ya kwetu ni kilo 1,200 na kilo 1,350. Hizo 150 za katikati ndiyo haki yetu. Unaona nyingi, eeh? Haya, toa betri, hiyo peke yake ni zaidi ya kilo 20. Toa mitungi ya gesi, toa hema la kuunganisha mlangoni, nguo za watu wanne, matandiko, viti vya kukalia nje. Jikoni nabakiwa na kama kilo 20, chakula kikiwemo. Ukizidisha umevunja sheria, na barabarani wapo wenye mizani. Tena mzigo ukikaa vibaya, karavani inaanza kuyumba huko nyuma na kulivuta gari nayo. Dereva wangu akiona hivyo haongei mpaka tufike.

Ndiyo maana Kariakoo nilienda na mizani ya begi, ile ndogo ya kuning'iniza. Nimeingia duka la vyombo, nikaomba sufuria, nikaiweka kwenye ndoano, nikasoma, nikaandika kwenye simu. Nikaomba nyingine. Kijana wa duka ananiangalia tu. Mwisho uvumilivu ukamwisha: "Dada, sisi hapa tunauza kwa seti, hatuuzi kwa kilo." Nikamwambia kaka yangu, wewe uza kwa seti, mimi nanunua kwa kilo. Wapiga debe wote wa mlangoni wakageuka. Lakini seti ya sufuria tano za alumini, na vifuniko vyake, haikufika kilo tatu, na hapo ndipo nilipoanza kuongea bei.

Tazama hii. Hazina mikono, kwa hiyo zinaingiana zote tano, zinakaa kwenye nafasi ya sufuria moja. Kule kwenye maduka ya vifaa vya karavani wanauza sufuria zenye mkono wa kuchomoa, bei ya kuumiza, na wanakuonyesha namna unavyochomoka kwa fahari kabisa. Mama wa Mbagala anayepikia watu saba kwenye chumba kimoja ana sufuria zake na vitambaa viwili vya kushikia, basi. Mimi kati ya sufuria na sufuria naweka kipande cha kanga kuukuu, zisipige ngoma njiani na zisikwaruzane. Sharti moja tu, uwe na jiko la gesi. Yale majiko ya kioo ya induksheni yanataka chuma kinachoshika sumaku, alumini hayaitambui kabisa.

Halafu upana. Jiko letu lina mafiga matatu ya gesi na sahani moja ya umeme, na yamebanana. Sufuria ya pilau ya shughuli ukiiweka inafunika mafiga mawili na nusu ya ukuta. Nilipima kwa futi kabla sijasafiri, mwisho wangu sentimita 24.

Sasa gesi. Hapa Dar mtungi unauliza kilo tu, 6 au 15, ndani mmechanganyiwa propani na butani na hakuna anayejali, joto letu halina shida na gesi. Kule unachagua. Butani ikifika karibu nyuzi sifuri inakataa kugeuka hewa, unafungua figa asubuhi ya baridi hakuna kitu. Propani inaendelea mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo mimi ni propani tu, kiangazi na baridi. Mtungi haukai chini ya jiko kama tulivyozoea. Una kabati lake linalofunguliwa kwa nje, na sakafu ya kabati ina matundu, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutoka chini. Na safari ikianza, mtungi unafungwa.

Umeme je? Volti 230 kama huku, plagi ya miguu mitatu kama huku, kwa hiyo blenda niliyonunua hapa inachomekwa kule bila adapta. Shida ni kiasi. Kambini unavuta waya kutoka kwenye nguzo, na nguzo nyingine inakupa ampea 10 tu. Zidisha kwa 230, unapata wati 2,300 kwa kila kitu humo ndani. Birika la umeme la nyumbani kule linakula wati 3,000. Ukiliwasha, nguzo inakata, na wewe na chai yako mnabaki gizani. Tunatumia birika la wati 1,000, linachelewa, mnapiga stori. Kabla hujanunua kifaa chochote cha karavani, kigeuze chini usome wati zake.

Friji yetu inakubali umeme wa nguzo, umeme wa gari likiwa linatembea, na gesi. Najua mtashangaa hiyo ya gesi, kwamba unawasha moto ili upate baridi. Haina kompresa. Moto unachemsha amonia iliyo ndani ya maji, inapanda, inapoa, na inapogeuka tena mvuke inanyonya joto la ndani ya friji. Ila karavani lazima isimame sawasawa, ikiinama haipozi vizuri.

Shangazi yangu huyu hapa ameniuliza kwa nini nisibebe jiko la mkaa, nyama choma si lazima moto wa mkaa? Shangazi, nje kwenye majani, sawa. Ndani ya karavani au ndani ya lile hema, hapana, hata likibaki na majivu ya moto tu. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, haina harufu, haina rangi, na kule baridi inawafanya watu wafunge kila dirisha. Watu wamelala hawajaamka. Karavani ina matundu ya hewa sakafuni na juu, yameachwa makusudi, usiyazibe kwa sababu miguu inapata baridi. Na kengele ya hiyo gesi ipo ukutani, naijaribu kila tukifika.

Vilivyonishinda: kinu, kwa uzito. Vitunguu saumu na tangawizi nasaga nyumbani, naweka kwenye kopo. Mbuzi ya nazi nimeiangalia kwa uchungu nikaiacha, kwa sababu ya mkao wake haipangiki na kitu. Tui la makopo nalo ni kununua uzito wa maji, bora unga wa nazi. Sahani nimechukua za melamini.

Chuma cha chapati nimechukua. Ndiyo, najua, peke yake kinakaribia uzito wa sufuria zote. Msinisomee hesabu zangu mwenyewe. Kikaango chepesi hakikupi chapati yenye madoa ya kahawia, kinakupa kitu cheupe cha kutafuna tu, na watoto wangu wanajua tofauti. Kitakaa chini kabisa, juu ya ekseli, na mwenye kiatu cha ziada atakiacha nyumbani.

Kilichobaki ni kifuniko. Cha sufuria ya 24 kimepinda tangu dukani, na kila ninakopita naambiwa kifuniko hakiuzwi bila seti. Mwenye kujua duka la Kariakoo au Tandika linalouza kifuniko peke yake anitumie ujumbe leo, ndege ni Alhamisi.