Wingu Halingoji: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Urubani, Nairobi

Walionisikia kabla ya leo wanajua nitaanzia wapi. Nitaanza na wingu, na huenda muda ukaniishia humo humo.

Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilichukua watu 20 wasiojua kurusha ndege kwa kutegemea vifaa peke yake, yaani zile mita zilizo mbele ya rubani. Wakazibwa wasione nje, kana kwamba wameingia mawinguni. Ndege iliwashinda wote 20, kwa wastani wa sekunde 178. Hata dakika 3 hazikutimia.

Kisa hiki marubani wengi hukisimulia, na hunikera kwa sababu hukikatiza katikati. Wale watafiti walikuwa wakitafuta namna ya kuwaokoa watu: ukijikuta winguni, geuka nyuzi 180, rudi ulikotoka. Baada ya kufundishwa, karibu wote waliweza! Pigeni hesabu. Ukigeuka nyuzi 3 kwa sekunde, unahitaji dakika 1. Muda upo, ila ni wa yule anayegeuka papo hapo. Anayesema "pengine mbele kweupe" anautumia kusubiri.

Na msiniambie mtahisi ndege ikiinama. Hamtahisi. Maji yaliyo ndani ya sikio, ndege ikizunguka polepole kwa sekunde kama 20 hivi, hutulia, na mwili unaapa kwamba unakwenda sawa. Amini vifaa.

Sasa njooni nyumbani. Umeruka kutoka Wilson, uwanja wetu wa ndege ndogo hapa Nairobi, ulio futi 5,500 na ushee juu ya usawa wa bahari, unakwenda Maasai Mara asubuhi ya Julai. Vilima vya Ngong vinafika futi 8,000, na wingu limevikalia. Unaona mwanya, unaingia. Ardhi inapanda, wingu linashuka, na nafasi ya kugeukia inazidi kubana. Kwa hiyo uamuzi ufanyike chini, injini ikiwa bado imezimwa: nisipoona ng'ambo ya vilima kabla ya kuvifikia, narudi. Liandike hilo kwenye karatasi, ulifunge gotini.

"Lakini mwalimu, nina GPS." Itakuonyesha kilima kilipo, sawa. Je, itaushika usukani wakati wewe hujui juu ni wapi? "Abiria wangu ana ndege ya kuunganisha." Basi mwambie kabla hajapanda kwamba huenda mkarudi. Akikasirika, akasirikie uwanjani.

Mwanafunzi wangu mmoja alinipigia simu kuniomba radhi kwa sababu alirudi. Radhi ya nini? Nilimwambia siku ile ndiyo niliyomwona rubani. Ninyi wenzake mlioko hapa, mtu akirudi, msimuulize alishindwaje. Maneno hayo ndiyo yanayomsukuma mwingine mwanyani kesho yake.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Mafuta: akiba ya dakika 30 mchana ndiyo kiwango cha chini cha sheria, mimi hubeba ya saa nzima. Uzito: Wilson kukiwa na joto la nyuzi 27, hewa ni nyepesi kama ya futi 8,000, kwa hiyo fungueni kitabu cha ndege yenu mkokotoe umbali wa kurukia kabla ya kujaza viti vyote. Matengenezo nayaacha.

Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa Wilson. Anayetaka kujaribu kugeuka akiwa amezibwa, nami nikiwa kiti cha pili, ajiandikishe mlangoni.