Afya ya Jamii na Kazi Yake

Habari za asubuhi, ndugu zangu.

Daktari akiletewa mtoto anayeharisha, humpa maji ya chumvi na sukari, mtoto akapata nafuu akarudi kwao. Kazi njema kabisa. Lakini wiki inayofuata wakiletwa watoto sita wa mtaa uleule, lazima maswali yabadilike. Wanachota maji wapi? Choo kiko umbali gani na kisima? Nani alipaswa kuyapima maji hayo, na mbona hakuyapima? Hapo ndipo afya ya jamii inapoanzia. Mgonjwa wetu ni mtaa mzima, na dawa yake mara nyingi haiuzwi dukani: iko mikononi mwa fundi bomba, mwalimu, mpitisha bajeti, mtunga sheria ya mkanda wa gari.

Naomba tukae kidogo kwenye ndui. Inakadiriwa kuwa katika karne ya 20 pekee iliua watu milioni 300, na tiba ya kuiponya haikuwepo. Waliotuondolea balaa lile ni watu waliokwenda nyumba kwa nyumba: wanamtafuta mgonjwa, wanamtenga, kisha wanawachanja wote waliokaribiana naye, mpaka ugonjwa unakosa pa kwenda.

Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui katika mazingira ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipanda gari lililobeba wagonjwa wawili ili amwonyeshe dereva njia. Safari fupi tu, ikatosha. Alikuwa akifanya kazi hospitalini, chanjo ipo, lakini aliikwepa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Akapona, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetokomezwa.

Ndiyo maana hunikera sana kusikia mtumishi wa afya akimwita mjinga mzazi anayekataa chanjo. Mwulize kwanza anaogopa nini, kisha umsikilize mpaka amalize. Takwimu zako zinaweza kungoja.

Maalin mwenyewe alilijua hilo. Baadaye alijiunga na kampeni ya kutokomeza polio nchini mwake, akiwasimulia wazazi jinsi alivyoikimbia sindano na yaliyompata. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa bado katika kazi hiyo.

Haya, karibuni maswali.