Chungu cha Maua na Pazia la Harusi

Assalamu alaikum wazee wangu, na nyinyi vijana hamjambo. Ahsanteni kwa kuja na joto hili. Walio nyuma wakishindwa kunisikia, wanyooshe mkono. Feni hizi zina sauti kuliko mimi.

Nimeombwa nieleze jinsi ya kutengeneza filamu ya makala juu ya bendi kwa kutumia picha za zamani tu. Kuna watu hapa Malindi wananijua kwa kazi hiyo, maana mwaka wa nne huu nahangaika na bendi moja ya kwetu, vijana wa gita za umeme waliokuwa wakipiga mahotelini usiku na harusini mwisho wa wiki. Jina lao sitalitaja leo. Familia mbili bado hazijanipa ruhusa. Kwa hiyo nitaanza mbali, halafu nitarudi nyumbani.

Januari 1969, Beatles, bendi mashuhuri ya Uingereza, walikuwa wakifanya mazoezi katika studio za Twickenham, London, na mwongozaji Michael Lindsay-Hogg akiwapiga filamu. Tarehe 10, mpiga gita George Harrison aliwaambia wenzake anaacha bendi, akaondoka. Siku tatu baadaye wenzake wawili, John Lennon na Paul McCartney, walikutana kwenye chumba cha kulia wazungumze juu ya jambo lile. Kamera hazikuwapo, na wao waliamini hakuna anayewarekodi. Lindsay-Hogg alikuwa ametia maikrofoni ndani ya chungu cha maua.

Filamu ya kwanza iliyotokana na kazi ile ilitoka 1970, na mazungumzo yale hayakutiwa. Yakalala kwenye maboksi. Baadaye mwongozaji Peter Jackson akakabidhiwa mzigo wote: picha karibu saa 60, sauti zaidi ya saa 150. Filamu yake, The Beatles: Get Back, ilitoka 2021 kwa sehemu tatu, karibu saa nane, na ndani yake chungu cha maua kinasema. Unamsikia Lennon akikiri kwamba mwenzao ana kidonda, na kwamba wao wenyewe walimwacha nacho bila kumfunga.

Nimelisikiliza fungu hilo mara nyingi, na kila mara moyo wangu unagawanyika. Kama mhariri, najua thamani yake. Watu wote tulikwishaambiwa kwamba bendi ile ilivunjika kwa chuki, na pale unasikia wanaume wawili wanaoona aibu kwa walilomtendea ndugu yao. Historia inageuka kwa dakika chache. Lakini mimi ni mtoto wa pwani, nimelelewa na neno sitara. Nimefunzwa kwamba ukipita dirishani ukasikia mtu na mkewe, unaongeza hatua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sasa kata ni mimi, ninayekaa usiku na vipokea sauti masikioni nikisikiliza watu waliokufa.

Kinachonituliza kwenye kazi ya Jackson ni kwamba hakuifanya kwa kunyemelea. McCartney na Ringo Starr, mpiga ngoma wao, wako hai, na wao pamoja na Yoko Ono, mjane wa Lennon, na Olivia Harrison, mjane wa George, wametajwa kuwa watayarishaji. Wenye maneno na warithi wa wenye maneno walikuwa ndani. Mimi naiita amana. Mkanda wa mtu ni amana, hata kama aliyeshika kamera ni mwingine, hata kama risiti ni yako.

Kuna jambo jingine la filamu ile ambalo limenisumbua zaidi kuliko chungu. Vijana wale walijua kwamba wanarekodiwa, basi wakitaka kusemezana faragha walikuwa wakikwaruza gita kwa nguvu ili sauti zao zifunikwe. Mikanda ilikuwa ya njia moja: gita na maneno vimekorogwa pamoja kama nazi na maji, huwezi kuvitenga. Kikosi cha Jackson kiliifundisha kompyuta ijue gita linalia vipi, ngoma inalia vipi, sauti ya mtu inakuwaje, mpaka ikaweza kuliondoa gita na kuacha maneno. Ufundi huo huo ndio uliotoa sauti ya Lennon kwenye kaseti yake ya nyumbani, ukatoka wimbo mwaka 2023. Ni kazi ya ajabu, naipenda na natamani ningekuwa nayo. Lakini fikirini: mtu alijisitiri kwa gita lake, na miaka 50 baadaye tumemvua. Nyinyi vijana mtapata programu hizi kwenye simu zenu. Kuna siku mtajikuta na kanda ya mjomba anayenong'ona nyuma ya muziki. Muulizeni mwenyewe kwanza, au watoto wake.

Sasa turudi kwetu.

Bendi za hoteli za pwani hazikuwa na Lindsay-Hogg. Miaka ile ya 1970 na 1980, ukanda huu ulijaa wapigaji. Them Mushrooms, vijana wa Kaloleni, waliutoa "Jambo Bwana" 1982 kutokana na kazi hiyo hiyo ya kuwatumbuiza wageni. Nani alikuwa na kamera? Mgeni. Mjerumani, Muitaliano, Muingereza, ameketi mezani na kamera ndogo ya Super 8. Kumbukumbu za bendi za Malindi ziko darini Ulaya, kwenye maboksi yaliyoandikwa "Kenia", katikati ya picha za tembo. Nilipata filamu tatu za kwanza kwa kuandika barua tu, na kila aliyenijibu alifurahi kwamba kuna mtu anauliza.

Super 8 Kodak waliileta 1965. Kasha moja lina futi 50 za filamu, na kwa fremu 18, yaani picha mojamoja 18, kwa sekunde linakwisha kwa dakika tatu na sekunde 20. Mgeni haangalii bendi dakika tatu. Anapiga mpiga besi sekunde sita, anamgeukia mkewe, anaipiga bahari, anarudi anampata mwimbaji amekwisha kufunga mdomo. Na mpaka 1973 hazikuwa na sauti kabisa.

Hapo ndipo kazi ilipo, nami nitakaa hapo kidogo. Una picha bubu, na una sahani ya santuri ya bendi ile ile. Kishawishi ni kubandika wimbo juu ya picha, na mtazamaji hatajua. Mimi nitajua. Kwanza, ukiipitisha filamu ya fremu 18 kwenye video yetu ya fremu 25 bila kuirekebisha, watu wanakwenda mbio karibu asilimia 40 zaidi, na mkono wa mpiga ngoma unakudanganya. Rekebisha mwendo kwanza. Kisha usitazame uso wa mwimbaji, tazama mkono wa kushoto wa mpiga gita. Vidole vinasema ufunguo gani. Nilikaa na mzee mmoja aliyekuwa kwenye bendi ile, macho yake yameingia mtoto wa jicho, nikamkuzia picha ukutani. Akatazama vidole vyake mwenyewe vya ujana, akachukua gita, akavifuata. Akaniambia, "Huu si wimbo wa kwenye sahani. Huu tuliacha kuupiga." Wiki mbili nzima nilikuwa nimeubandika wimbo wa sahani pale, na nikiona umekaa sawa.

Hata wakubwa yamewakuta. Mwaka 1972 mwimbaji wa Marekani Aretha Franklin aliimba usiku mbili kanisani Los Angeles, na mwongozaji Sydney Pollack akapiga filamu. Hawakukiweka kile kibao kinachopigwa pa! mbele ya kamera, kile kinachosaidia kuunganisha picha na sauti. Miaka mingi filamu ikakaa bure kwa sababu hakuna aliyeweza kuvioanisha. Kompyuta ilipoweza, mwenyewe akaenda mahakamani kuizuia isionyeshwe. Ilitoka 2018, baada ya kufa kwake, kwa idhini ya familia.

Juu ya uhifadhi nitasema machache tu, maana tutaonyeshana kwa vitendo. Filamu ya asetati, ile plastiki ya filamu nyingi za zamani, ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kunuka siki, na Malindi hatuna upungufu wa vyote viwili. Ukinusa siki, itenge na nyingine siku hiyo hiyo, kwani mvuke wake unaziharibu jirani zake. Kanda za video nazo hunata. Usiitie kwenye mashine kanda inayonata, utaichuna. Na ofisi moja niliyokwenda kutafuta vipindi vya zamani vya muziki ilinijibu kwamba kanda zilifutwa zirekodiwe habari. Sikulia mbele yao.

Nimebakisha kanda moja, ya video ya VHS, ya harusi ya hapa mjini. Imepigwa upande wa wanawake, siku ya kupamba. Bendi iko nyuma ya pazia, haionekani hata kiatu, ila unasikia kila kitu, na mle ndani mna ule wimbo ambao mzee alisema waliacha kuupiga. Hakuna rekodi nyingine. Kwenye picha kuna kina mama vichwa wazi, wanacheza, wanacheka, bibi harusi na hina yake. Waliamini wako peke yao, kama wale wawili wa chungu cha maua.

Niliwatambua wanawake kumi na mmoja. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, wengine nikawapata Mambrui, mmoja Lamu. Kumi wakaniambia tumia. Bibi harusi mwenyewe, sasa ana wajukuu, akanikaribisha kahawa na kaimati, akaitazama yote kwenye simu yangu, akalia kidogo, akasema, "Mwanangu, mimi siku ile nilikuwa mwari, sikuwa msanii. Sauti chukua. Picha niachie." Nikamrudishia kanda pale pale, nami nikafuta nakala ya picha mbele yake.

Mtu mmoja mwenye fedha za filamu aliniambia kwamba skrini nyeusi dakika nne itawafukuza watazamaji. Pengine. Mimi nimeiacha nyeusi, na bibi harusi amenipa ruhusa mwisikie leo.

Kijana wa mlangoni, tafadhali zima taa, na feni pia kwa dakika hizo nne. Mtasikia kwanza mtoto anakohoa, halafu mtu anasema "sogezeni pazia", halafu gita.