Mtoto Ndani ya Ngoma: Kwa Nini Hadithi ya Giza Hutuuma

Hadithi, hadithi! Naam, bado mnajua kuitikia. Vizuri, maana naanza na kisa ambacho wengi wenu mlikisikia jikoni kabla hamjajua kusoma.

Wasichana wanakwenda pwani kuokota makombe. Mmoja analisahau lake juu ya jiwe, anarudi peke yake, analikuta zimwi limekaa. Zimwi linamtia ndani ya ngoma, kisha linazunguka vijijini likiomba wali na kuku. Likipiga, mtoto anaimba.

Kinachotisha hapo ni nini? Miaka mingi nilidhani ni zimwi. Lakini zimwi kazi yake ni kula watu, hatulishangai. Wanaonikosesha usingizi mpaka leo ni wale wanakijiji. Mtoto analia ndani ya ngozi, wao wanacheza, wanapiga vigelegele, wanataka irudiwe. Sisi tunajua, wao hawajui. Msimulizi anatubebesha siri hiyo kijiji baada ya kijiji, mpaka ngoma inafika kwao msichana, na mama yake anaisikia sauti.

Vijana huniletea hadithi zao. Damu sakafuni, makaburi, majini wenye kwato. Nazisoma huku nakunywa chai, na chai naimaliza. Mtu nimetajiwa jina ukurasa wa kwanza, wa pili kachinjwa. Nimlilie kwa lipi? Yule msichana alikuwa na kombe lake. Ni kitu kidogo, ila nani hapa hajawahi kurudia kitu alichokisahau?

Sasa tazameni riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Hamna jini humo. Kuna nyumba Ukerewe, baba mlevi aitwaye Zakaria, na barua ya mvulana. Zakaria anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua hiyo, na kwa akili zake anamlinda. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni, kikaambiwa kinaharibu maadili. Mimi naona, wakubwa mniwie radhi, kiliwachoma watu kwa kuwa Zakaria wanamjua: ni jirani, ni shemeji, pengine ni wao. Tunasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa Rosa methali hiyo inavunjika, maana amjuaye ndiye aliyejua pa kuanzia. Na anapojiua, unatafuta wa kumlaumu, unawakuta wengi mno, wote wamesimama uwanjani pa ngoma.

Ndiyo, dada pale nyuma. Unauliza kama ni lazima mtoto atolewe ngomani? Bibi yangu alikuwa anamtoa. Zimwi linaleweshwa, ngozi inafunguliwa, wanatiwa nyuki badala yake. Lakini kabla ya hapo, mama akiwa bado kasimama mlangoni na sinia mkononi, bibi alikuwa akinyamaza, anachochea kuni, anafunua chungu, anaonja mchuzi. Tukimvuta kanga, hasemi kitu.